Kamba ya Kuanikia Nepi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa Jumamosi moja ya Januari, jua kali, mbingu haina wingu, wewe ukiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Siku hiyo mimi na baba yako tulirudi kukwea mwamba kwa mara ya kwanza tangu ulipozaliwa. Unajua ilivyoisha, kwa maana umeniona nikichechemea tangu ulipoanza kutambua watu. Lakini ulichoambiwa kuhusu siku hiyo si kweli, na aliyeacha uambiwe hivyo ni mimi.

Sikuwa nimepanga kulisema. Jumapili iliyopita mlikuja hapa kwangu Ngoingwa, wewe na Mwaura, mkaniomba nibaki na Kimani Jumamosi ijayo ili mrudi Lukenya kukwea, kama mlivyokuwa mkifanya kabla hajazaliwa. Mwaura akanionyesha picha za vifaa vipya kwenye simu yake, akinieleza uzito ambao kila kitu kinaweza kubeba, nami nikawa natikisa kichwa kama mtu anayeelewa hesabu. Ndipo wewe ukasema, ukicheka, "Usijali, Mum. Sisi hatutakuwa careless kama Daddy." Mwaura alianza kucheka, akaniangalia, akaacha. Mimi nikaenda jikoni kutazama chai iliyokuwa imeiva zamani.

Nimekaa na neno hilo, kwamba baba yako alikuwa mzembe, siku nne. Nimelala nalo, nimeenda nalo sokoni, nimelipeleka mpaka kanisani kwenye mkutano wa akina mama, na wakaniuliza kama ninaumwa. Ndiyo sababu nimewaita leo katikati ya wiki. Kaeni, kunyweni chai, mnipe huyo mtoto nimshike. Msinikatize, maana nikikatizwa nitapata mahali pa kutorokea, na mimi kutoroka nimezoea.

Baba yako nilimpata kiwandani. Nilikuwa kwenye mashine za nyuzi, hapa Eneo la Viwanda, na yeye alikuwa fundi wa mitambo. Kariuki alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi, kama mnavyonijua, maneno yangu yalitosha watu wawili. Wasichana wa idara yetu walimcheka kwa sababu mwisho wa wiki wanaume wengine walikwenda kutazama mpira, na yeye alikwenda kupanda mawe. Alizaliwa Gitothua, na hatua chache kutoka kwao kulikuwa na kwari ya zamani, pale watu walipochimba mawe ya kujengea mpaka wakaacha ukuta wa mwamba umesimama, mrefu kama nyumba ya ghorofa nne. Utoto wake wote alicheza hapo. Baadaye mwalimu mmoja Mzungu, wale wa kujitolea, alimkuta akining'inia kwenye ukuta ule bila kitu, akamhurumia au akamwogopea, sijui. Akamfundisha kukwea kwa kamba na mshipi wa kiunoni, na aliporudi kwao akamwachia vyombo vyake vyote. Kamba ilikuwa ya buluu yenye mistari ya manjano. Baba yako aliipenda ile kamba hata nilipoanza kutoka naye niliionea wivu, na sisemi hivyo kwa mzaha.

Mimi nilikwenda kwari mara ya kwanza ili nipate cha kuwasimulia wenzangu Jumatatu. Nilivaa suruali ya kaka yangu. Nilipanda labda mara tatu ya urefu wangu, nikaganda, nikaanza kuomba kwa sauti, na yeye yuko chini ameshika kamba, ananiambia taratibu niweke mguu wapi. Jinsi tulivyokwea ilikuwa hivi: kamba inapita juu kwenye pete za chuma, mmoja anapanda akiwa amefungwa ncha moja, na mwenzake amesimama chini anavuta ile iliyolegea. Ukiteleza, aliye chini anakushika. Kwa hiyo saa zote unapopanda, unajua kuna mtu mmoja duniani ambaye hana kazi nyingine ila kukutazama wewe. Nilitoka pale nimekwishaamua kuolewa naye, ingawa yeye alichukua miezi minane kulijua hilo.

Tulikwea miaka mitatu. Kila tulipofika pale, kabla ya jambo lolote, baba yako alikaa juu ya jiwe, akafumba macho, akaipitisha kamba yote vidoleni, kutoka ncha hadi ncha. Alitafuta mahali palipolainika, palipokakamaa au palipokonda. Alisema rangi nzuri inaweza kuyadanganya macho. Ilichukua muda, na mimi nilikuwa namtania kwamba anasali rozari ya Wakatoliki na sisi si Wakatoliki. Hakuwahi kuiruka kazi hiyo, hata mvua ikitishia. Nataka ulishike hilo, mwanangu, kabla sijaendelea.

Kisha nikapata mimba yako, na kamba ikaingia kwenye mfuko wake chini ya kitanda. Ulipofikisha miezi miwili kiwanda kikamtuma baba yako Nakuru kufunga mitambo mipya, mwaka mzima, akija nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mimi nikabaki nawe katika chumba na sebule, kwenye ploti ya vyumba kumi na kamba moja ya nguo. Mama yangu alikuja wiki mbili akaenda. Mama yake, yaani nyanya yako Cucu Njeri ambaye ulipewa jina lake, alikuwa Gitothua na ng'ombe wake. Wewe ulikuwa mtoto wa kuharisha, usinikasirikie, ni kweli. Nepi siku hizo zilikuwa za kitambaa, na za kwako zilikuwa ishirini na nne, na hazikutosha.

Kamba ya ploti ilikuwa ya katani, imeoza, tena kila mpangaji alikuwa na saa yake. Asubuhi moja nilifua nepi zote, nikazisuuza kwa dawa ya kung'arisha, nikazianika, nikageuka kukuchukua, na kamba ikakatika. Nepi ishirini na nne zikalala kwenye udongo mwekundu wa Thika. Nilikaa chini pale pale nikalia. Nililia mpaka jirani akatoka kuniangalia, akarudi ndani. Nilikuwa na usingizi wa miezi minne mwilini, maziwa yamenivimba, na mume wangu yuko Nakuru analala akishiba. Hivyo ndivyo nilivyowaza, ingawa pia yeye alikuwa analala kwenye godoro sakafuni. Nikaingia ndani, nikavuta mfuko chini ya kitanda, nikatoa kamba ya buluu. Nikasema kwa sauti, na hakuna aliyenisikia ila wewe, kwamba kama hii kamba inaweza kubeba mtu basi inaweza kubeba nepi.

Nikaifunga kutoka nguzo ya chuma iliyoshika tangi la maji mpaka nguzo ya lango la nyuma. Ilikuwa kamba nzuri sana ya nguo. Mwezi mzima ilikaa nje. Ilikaa kwenye jua la mchana kutwa, ilidondokewa na maji ya ile dawa kila siku, na upepo ulipovuma ilisuguana na nguzo ile yenye kutu. Mwisho wa mwezi ulipokaribia niliifungua, nikaisugua kwa sabuni mahali palipokuwa na kutu, nikaikunja kama alivyokuwa akiikunja yeye, nikairudisha mfukoni. Akishaondoka, naifunga tena. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima, na kila mwezi ilikuwa rahisi kuliko mwezi uliotangulia.

Mtaniuliza kama sikujua. Mimi niliyeshika nyuzi kila siku ya kazi, niliyejua pamba inavyochoka ikiachwa dirishani, nilishindwaje kujua? Jibu la kweli ni kwamba sikutaka kujua. Niliiona ile kamba kama chuma. Nilichoogopa si kwamba itakatika. Nilichoogopa ni uso wa Kariuki akijua kamba yake imeanikiwa mavi ya mtoto. Nilidhani hilo ni jambo la ugomvi wa nyumbani, la kununiana siku mbili. Kama ningejua ni jambo la uhai nisingekubali kujifunga nayo mimi mwenyewe, na mimi ndiye niliyejifunga.

Baba yako aliporudi kabisa kutoka Nakuru, tulikuwa wageni. Watu hawakuambii jambo hili, mwanangu, lakini nadhani wewe na Mwaura mmeshaanza kulionja. Mnakaa meza moja mnaongea habari za uji na chanjo na nani ameamka mara ngapi. Yeye alikuwa anaogopa kukushika, na mimi nilikuwa nakunyakua kwake kila akikosea, kisha nalalamika kwamba hanisaidii. Tulikuwa hatugombani hata. Jioni moja, akiwa anakula, akaniambia, "Mama Njeri, twende kwari. Mimi na wewe tu, kama zamani." Aliniangalia kama alivyonitazama siku ile niliyovaa suruali ya kaka yangu. Nilitaka kulia kwa furaha. Nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Basi Jumamosi ile tukaenda Gitothua, tukakuacha kwa Cucu. Cucu hakufurahi. Alisema mtu aliyezaa ana kazi nyumbani, na kwamba mawe hayajawahi kumnyonyesha mtoto wa mtu. Akatuambia turudi kabla ya saa ya kukamua. Suruali haikufungika kiunoni, nikaifunga kwa kamba ya viatu, baba yako akacheka mpaka akakaa chini. Tulitembea mpaka kwari tumeshikana mikono, watu wazima wenye mtoto, na wanawake waliokuwa wakilima walituangalia na sisi hatukujali.

Tulipofika, alikwenda kufunga pete za chuma kule juu, akashuka, akakaa juu ya jiwe lake, akauvuta mfuko. Aliishika ncha ya kamba, akafumba macho. Nami nikajua kwamba vidole vile vitaisoma. Vitakuta pale palipokakamaa kwa sabuni, vitakuta paliposuguana na nguzo, atafumbua macho aniulize, na siku yetu yote itaharibika. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo mwaka mzima na zaidi.

Nikamwambia, "Nilishaikagua jana, Baba Njeri. Yote. Iko sawa. Twende, maziwa yatanijaa."

Alifumbua macho. Nakumbuka alivyosita, kamba iko mkononi. Miaka mitatu tuliyokwea sikuwa nimewahi kuikagua hata siku moja, na sasa nimeikagua. Nadhani alifurahi. Nadhani aliona kwamba nilitaka kurudi kiasi cha kufanya kazi yake, kwamba na mimi nilikuwa nimemkumbuka. Akatabasamu, akaniambia ahsante, akaenda juu kuipitisha kamba kwenye pete, akashuka, akanifunga fundo kiunoni. Akaniachia niende.

Nilipanda vizuri, mwanangu. Mwili ulikuwa mzito na mikono imelegea, lakini miguu ilikumbuka. Alikuwa akinisemesha kutoka chini, na mimi namjibu, na tukaongea pale kwenye ukuta maneno mengi kuliko tuliyoongea tangu arudi. Akaniuliza kama nilikuwa nimechoka kukaa peke yangu mwaka ule. Nikamwambia ndiyo, sana. Akasema, "Pole." Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia hivyo, na mimi nikacheka ili nisilie, na mguu ukateleza.

Si jambo kubwa kuteleza. Nilikuwa nimeteleza mara mia na kamba ikanishika. Safari hii ilinishika kidogo tu, ikanisogeza kando, halafu nikasikia sauti ndogo, kama ya mtu anayekata uzi kwa meno. Nilianguka kama ghorofa mbili. Nyonga ilivunjika, na mfupa wa paja ukavunjika mara mbili. Nilipofumbua macho baba yako alikuwa amepiga magoti, amenishika kichwa, na ile ncha ya kamba imelala kifuani kwangu. Niliiona ilipokatikia. Rangi ya kutu ilikuwa bado imo ndani, chini ya buluu, mahali sabuni haikufika.

Sasa fika nami hospitalini, maana kosa langu kubwa halikuwa la kule kwari. Siku ya tatu walikuja kaka zangu kutoka Gatundu, na wazee wawili wa kanisa, na Cucu akiwa amekubeba mgongoni. Walizunguka kitanda. Kaka yangu mkubwa alimuuliza baba yako, na sauti yake haikuwa nzuri, ilikuwaje mama wa mtoto mchanga akaning'inizwa kwenye kamba iliyooza. Kariuki alisimama pale miguuni pa kitanda na kofia mkononi. Mimi nilikuwa macho. Mguu ndio uliovunjika, mdomo ulikuwa mzima.

Akasema, "Kamba ilikuwa kazi yangu. Sikuikagua."

Hakusema kwamba niliikagua mimi. Hakuniangalia hata, asije akanitia kwenye jambo hilo kwa macho. Kaka yangu alimwambia maneno ambayo sitayarudia mbele ya mkwe. Cucu alilia kwa ajili ya mwanawe, si kwa ajili yangu. Nami nilifumba macho, wakadhani ni maumivu, wakaambiana waniache nipumzike.

Nilijiambia nitalisema nikipata nafuu. Kisha nilijiambia nitalisema kaka zangu wakitulia. Halafu, na hapa naona aibu mbele yenu, nikaanza kuizoea hali hiyo. Watu waliniletea uji na mayai. Kanisani waliniombea kwa jina. Nilikuwa mke mvumilivu aliyeumizwa na mume mzembe na bado hakumwacha, na sifa hiyo ilikuwa tamu, Njeri. Baba yako alinifulia, alinipikia, alikuogesha, alijifunza kukusuka nywele kwa sababu mimi sikuweza kukaa. Kila alichonifanyia nilikipokea kama malipo ya deni, na deni lilikuwa langu.

Hakukwea tena. Ile kamba aliichoma nyuma ya nyumba, akasimama hapo mpaka ikawa majivu. Mpaka leo sijui kama aliiona ile kutu, wala kama aliwahi kusikia kwa majirani kamba yangu ya nguo ilikuwa ya rangi gani. Ninachojua ni kwamba hakuweza kusahau nilichomwambia pale kwenye jiwe, na hakuniuliza, na hakumwambia mtu. Alibadilika akawa yule mzee mliyemjua ninyi, anayerudi mara tatu kuangalia kama lango limefungwa, anayezima gesi iliyozimwa, anayeshuka kwenye ngazi kabla hajafika juu kwa sababu haiamini. Ulikuwa ukimcheka. Mimi nilikuwa nacheka pamoja nawe.

Na ile siku ya fomu ya shule unaikumbuka? Ulikuwa kidato cha pili. Alikukataza kwenda safari ya kupanda Kilimambogo na wenzako, ukapandwa na hasira, ukamwambia, "Wewe ndiye ulimvunja Mum mguu, na sasa unataka kunifungia mimi." Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni, mikono ina unga wa chapati. Alinitazama mara moja tu. Nadhani ilikuwa mara ya pekee miaka yote hiyo aliyoniomba kitu, na hakukiomba kwa mdomo. Nikarudi jikoni. Nilipika chapati zote zikatosha, na yeye akala mbili, akasema ni nzuri.

Mwaka juzi, alipolazwa kwa ajili ya mapafu, wewe ulikuwa na mimba ya miezi sita na tulikukataza kuja kila siku. Adhuhuri moja nilikuwa nampa supu. Alikuwa akiongea kidogo kidogo, akipumzika kati ya maneno. Akaniambia, "Wanjiru, nisamehe ule mguu." Hakuwa ameniita Wanjiru tangu ulipozaliwa. Nilikuwa na kijiko mkononi. Wodi ilikuwa tulivu, kitanda cha jirani hakina mtu, hakuna aliyekuwa na haraka. Mungu alinitengenezea nafasi kwa mikono yake mwenyewe. Nami nikamwambia, "Nilikusamehe zamani, Baba Njeri."

Nilimsamehe kosa langu. Akafumba macho, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, na siku ya tatu akafa. Kaburini mlinishika wewe huku na Mwaura huku, na watu wakasema jinsi nilivyompenda. Nilimpenda, na ndivyo nilivyomtendea.

Usilie bado. Au lia, ila nisikilize, kwa sababu sikuwaita ili mniliwaze.

Siwakatazi kwenda. Wengi watawaambia mtu mwenye mtoto hana haki ya kuning'inia kwenye mwamba, na mkinyamaza watadhani mmekubali. Mimi nasema rudini. Siku ile, kabla mguu haujateleza, nilimpata mume wangu tena, na ningekuwa mwongo mara mbili kama ningewaambia kwamba haikuwa na maana. Lakini msirudi mkijifanya ni wale wale wa kabla ya mtoto. Mwaka mmoja na nusu umepita juu yenu na juu ya vitu vyenu. Kuna mambo Njeri amefanya kwa uchovu ambayo Mwaura hayajui, na kuna ya Mwaura. Yatoeni mezani kabla hamjatoka nyumbani, hata yale ya kuchekesha, hata yale ya kutia aibu. Mwaura, kama umewahi kufungia mizigo kwa kamba hiyo kwenye bodaboda, sema. Njeri, kama mikono bado haina nguvu na hutaki aone, sema. Ugomvi wa Ijumaa utakwisha.

Tena, kila mmoja aikague kamba kwa mikono yake. Mwenzako akikwambia ameshaikagua, mshukuru, kisha uikague. Na wewe unayekaguliwa usinune, usiseme huaminiwi. Baba yako alivunja desturi yake mara moja tu maishani, na aliivunja kwa sababu alinipenda na mimi nilikuwa na haraka.

Na la mwisho ni la kila siku, hata mkiwa hamjagusa mwamba. Ukiona mtu amebeba lililo lako, mtue siku hiyo hiyo. Usingoje apate nafuu, usingoje wageni waondoke, usingoje nafasi nzuri. Mimi nilipewa nafasi nzuri kuliko mtu anavyostahili, na kwa kuwa nilikuwa nimezoea kunyamaza, nilinyamaza. Siombi unisamehe leo, mwanangu. Ukihitaji miaka, chukua miaka, nitangoja bila kulalamika. Ninachoomba ni kwamba leo umrudie baba yako moyoni mwako, umwombe msamaha tunaostahili kumwomba sote wawili.

Kesho asubuhi naenda Gitothua. Cucu bado yuko hai, na kwa miaka yote hii amemwombea mwanawe asamehewe uzembe. Nitamwambia yote niliyowaambia ninyi. Masikio yake yamekuwa mazito sana siku hizi, kwa hiyo itanibidi nipaze sauti, na kaka zake Kariuki watasikia, na majirani wa pande zote watasikia. Sina njia nyingine ya kumwambia.

Jumamosi mleteni Kimani mapema, na nguo za kubadilisha. Mungu awatangulie mwambani na awarudishe wote wawili kwa miguu yenu. Awape wepesi wa kusema ukweli ungali mdogo, na masikio ya kuupokea bila kelele. Awajalie mzeeke pamoja bila mmoja kumwogopa mwenzake. Mtoto huyu akue akijua baba yake ni nani na mama yake ni nani, akiwa angali nao. Amina.